MBWA MKOROFI NA HADITHI YA "MWONYESHE NANI BOSI"

Wadau, kuna sentensi moja ambayo kila aliyewahi kumchukua mbwa aliyekwisha kukua, awe wa kupewa na mtu anayehama au mbwa koko wa kuokota mtaani, lazima ataambiwa kabla wiki haijaisha. Mbwa kanguruma mtoto alipopita karibu na sahani yake. Mbwa kajichimbia uvunguni, hataki kutoka hata kwa nyama. Mbwa katafuna mlango wenye nyumba mlipokwenda kazini. Basi anatokea jirani, au mjomba, au mlinzi wa getini, anakunja mikono na kusema: "Huyo anataka kukutawala. Mwonyeshe nani bosi." Halafu maelekezo yanafuata. Mpindue chali umkandamize mpaka atulie. Mnyang'anye chakula katikati ya kula. Mchape akinguruma. Usikubali akutangulie mlangoni...

Mimi kazi yangu ni habari, si mbwa, na ugonjwa wa kazi yangu ni kuuliza swali moja la kichokozi: nani kasema? Maana ushauri huu unatolewa kwa uhakika wa ajabu, kama vile umeshuka pamoja na mbwa wenyewe. Kumbe una tarehe, una mahali, na una watu waliouandika. Na wawili kati ya watu hao baadaye waliukana wazi wazi. Hilo la pili ndilo mjomba hakusimuliwa.

Safari inaanzia Basel, Uswisi, miaka ya 1930 na 1940. Ndani ya bustani ya wanyama ya mji ule kulikuwa na mbwa mwitu (nazungumzia wale wa kijivu wa Ulaya na Marekani ya Kaskazini, siyo wale wetu wenye mabaka wa Ruaha, hao ni ukoo mwingine kabisa). Mtafiti aitwaye Rudolf Schenkel akawa anawatazama siku baada ya siku, anaandika jinsi wanavyobeba mkia, wanavyokunja pua, wanavyolala chali. Mwaka 1947 akatoa andiko lake kwa Kijerumani. Alichokiona ni ugomvi wa vyeo: dume mmoja na jike mmoja wako juu, wengine wote chini, na kila mmoja anapigania nafasi yake bila kupumzika. Akaongeza kwamba huenda mbwa wa nyumbani nao wako hivyo hivyo.

Sasa sikiliza eneo lenyewe. Mbwa mwitu mpaka kumi, ndani ya uzio wa kama mita 10 kwa 20. Huo ni pungufu ya nusu ya uwanja wa mpira wa kikapu. Porini mnyama yule huweza kutembea makumi ya kilomita kwa siku moja, na asipoelewana na mwenzake huondoka zake. Pale Basel waliwekwa pamoja na binadamu na hakuna aliyeweza kuondoka. Ukiwafungia watu wazima kumi wasio ndugu kwenye chumba kimoja cha gesti kwa miaka kadhaa, ukachungulia dirishani, utaandika nini kuhusu familia ya binadamu?

Schenkel hakuwa mjinga, tusimdhulumu. Alikuwa mtazamaji makini sana, na alivyoeleza ishara za uso na mwili wa mnyama yule bado kunaheshimiwa. Tena ana kipande cha historia hapa kwetu: miaka ya 1960 yeye na mkewe Lotte walikwenda Tsavo, Kenya, kuwasoma faru weusi, na kitabu chao kikatoka mwaka 1969. Shida haikuwa macho yake. Shida ilikuwa kwamba alichokiona gerezani, waliomfuata walikichukua kama maisha ya uraiani.

Aliyekieneza zaidi ni Mmarekani, L. David Mech. Kijana huyu alikuwa ameanza kuwafuatilia mbwa mwitu wa kisiwa cha Isle Royale mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1970 akatoa kitabu kikubwa kiitwacho The Wolf. Wakati huo hakukuwa na kitu cha kukilinganisha nacho. Kila aliyetaka kujua habari za mnyama huyu alikwenda pale. Na mle ndani, kutokana na kazi ya Schenkel, lilikuwemo neno "alfa", herufi ya kwanza ya Kigiriki, kwa maana ya mbwa mwitu aliyeshika usukani. Neno tamu. Likatoka kwenye vitabu vya wanyama likaingia kwenye ofisi, kwenye siasa, kwenye ushauri wa mapenzi. Na likaingia, kama ulivyotarajia, kwenye ufugaji wa mbwa.

Lakini fimbo ilikuwepo kabla ya neno, tuseme ukweli. Mwaka 1910 ofisa wa polisi wa Ujerumani, Konrad Most, alitoa mwongozo wa kufundisha mbwa uliojaa kamba, kola za miiba na kulazimisha. Mbwa aliowafikiria ni wa polisi na wa jeshi, na miaka minne baadaye Ulaya iliwahitaji kweli kweli. Mwaka 1962 Mmarekani William Koehler, aliyefundisha mbwa wa jeshi na kisha wanyama wa filamu za Disney, alitoa kitabu kilichouzwa sana kwa watu wa kawaida. Kwa mbwa anayechimba mashimo bustanini, dawa yake ilikuwa hii: lijaze shimo maji, mzamishe kichwa. Nimesoma hilo mara mbili nikidhani macho yananidanganya.

Kwa hiyo kilichofanyika miaka ya 1970 ni ndoa. Upande mmoja mkono mzito wa kambini, upande wa pili sayansi ya Basel. Sayansi ikaupa mkono mzito cheti cha ndoa: huumizi mnyama, unazungumza naye kwa lugha yake ya mbwa mwitu. Waliofungisha, bila nia mbaya hata kidogo, ni watawa. Ndiyo, watawa wa monasteri ya New Skete, jimbo la New York, waliokuwa wakifuga na kuuza mbwa aina ya German shepherd ili kuendesha maisha. Kitabu chao cha mwaka 1978, How to Be Your Dog's Best Friend, kina upole mwingi na upendo wa kweli kwa mbwa. Ila ndani yake kulikuwa na zoezi moja lililokuja kuwa maarufu kuliko upole wote ule: mkamate mbwa mkorofi, mpindue chali, mkandamize huku ukimtazama usoni mpaka akubali. Wakaamini ndivyo mbwa mwitu mkubwa anavyomtia adabu mdogo.

Hapo kuna jambo Schenkel mwenyewe angewasahihisha. Mbwa mwitu dhaifu hulala chali kwa hiari yake, ni ishara anayoitoa mwenyewe ya kusema yaishe. Hapinduliwi. Mnyama anayekamatwa na kulazwa chali kwa nguvu kwa kawaida anaona kitu kimoja tu, kwamba anauawa.

Toleo jipya la kitabu kile, la mwaka 2002, lilikuwa limeachana na zoezi hilo. Lakini wapi! Maneno yakishatoka yana miguu. Mwaka 2004 kikaanza kipindi cha Cesar Millan kwenye televisheni ya National Geographic, na dunia nzima, mpaka kwenye sebule zetu zenye dishi, ikafundishwa kwamba kila mwenye mbwa lazima awe kiongozi wa kundi. Dakika arobaini, mbwa mkorofi anaingia, mbwa mtulivu anatoka. Nani atasubiri miezi sita baada ya kuona hivyo?

Turudi kwa Mech, maana yeye ndiye shujaa wangu katika habari hii. Kuanzia kiangazi cha mwaka 1986 alikwenda kwenye kisiwa cha Ellesmere, kaskazini kabisa mwa Kanada, ambako mbwa mwitu hawajawahi kuwindwa kiasi cha kumwogopa binadamu. Akakaa nao karibu, kiangazi baada ya kiangazi, miaka 13. Akasubiri kuona vita vya vyeo. Hakuviona. Alichokiona ni baba, mama, na watoto wao wa mwaka huu na wa mwaka jana. "Kundi" lilikuwa familia. Wazazi wanaongoza kwa sababu ni wazazi, kama wako walivyokuongoza wewe, na mtoto akikua anaondoka kutafuta mchumba na kuanza familia yake. Mwaka 1999 akaandika makala kwenye jarida la Canadian Journal of Zoology akieleza kwamba neno alfa, alilolieneza yeye mwenyewe, halifai kwa familia ya namna hiyo. Tena hakuishia hapo, aliendelea kumwomba mchapishaji wake aache kukichapa kile kitabu cha 1970. Ni wangapi unaowajua wanaoomba kitabu chao kinachouzwa kitolewe dukani?

Na hata kama mbwa mwitu wangekuwa vile alivyowaeleza Schenkel, bado mbwa wa nyumbani si mbwa mwitu. Hapa Pemba inaingia kwenye historia, na sijui kwa nini hatujisifii. Raymond na Lorna Coppinger, mtu na mkewe kutoka Marekani, walitoa kitabu chao kiitwacho Dogs mwaka 2001, na moja ya mahali walipokwenda kumtafuta mbwa wa asili ni Pemba. Siyo kwenye bustani ya wanyama, kijijini. Waliwakuta mbwa wanaoishi pembeni mwa watu, wanakula mabaki na uchafu unaotupwa, wengi hawana mwenyewe. Hawawindi kwa kundi wala hawana jenerali. Kila mmoja anazunguka na hamsini zake, na kitu anachokijali kuliko vyote ni umbali: binadamu yuko hatua ngapi, na njia ya kukimbilia iko wapi. Hoja ya wale wawili ilikuwa kwamba mbwa wa kwanza duniani walijitengeneza hivyo hivyo, jalalani, kwa kuzaliana wale wenye woga kidogo kuliko wenzao. Wapo wataalamu wanaobishana nao kuhusu mwanzo huo. Lakini yeyote aliyemwita mbwa koko amjie anajua wanachosema kuhusu umbali. Mfungie mbwa wa namna hiyo sebuleni, ziba mlango, halafu mwendee ukinyoosha mkono juu ya kichwa chake. Akinguruma, anataka ufalme? Au umemnyima ile njia ya kukimbilia?

Kuna mwaka mmoja nauona kama mlango wa pili wa historia hii, mlango ambao watu wachache waliupita. Ni 1924. Septemba 23 mwaka huo, mji wa Leningrad ulikumbwa na mafuriko makubwa. Mbwa wa maabara ya Ivan Pavlov, yule wa kengele na mate tuliyefundishwa sekondari, walikuwa wamefungiwa kwenye vibanda vyao huku maji yakipanda. Wasaidizi wakafika wakati mbwa wanaogelea vichwa vikigusa dari, na kwa kuwa milango ilikuwa chini, ilibidi wawazamishe kwanza ndipo wawatoe. Waliokolewa. Lakini waliporudishwa kazini baadhi yao hawakuwa mbwa wale wale. Mambo waliyofundishwa kwa miezi yalifutika. Wapo waliopata nafuu taratibu, na Pavlov akajaribu kupitisha maji kidogo tu chini ya mlango wa chumba: hofu yote ikarudi kwa mpigo. Mbwa mtulivu, mwenye afya, aliyelishwa vizuri, kijito chembamba cha maji sakafuni kikamvuruga.

Mwaka huo huo, upande wa pili wa dunia, mwanasaikolojia Mary Cover Jones alichapisha habari za mtoto wa Kimarekani aliyemwita Peter, wa karibu miaka mitatu, aliyekuwa akiogopa sungura kupita kiasi. Jones hakumkaripia wala hakumlazimisha kumshika. Alimkalisha mtoto ale chakula anachokipenda, sungura akiwa ndani ya kizimba, mbali. Siku nyingine karibu kidogo. Mtoto akionyesha wasiwasi, sungura anarudishwa nyuma. Mwisho Peter alimchezea sungura kwa mkono wake. Ukimwita leo mtaalamu wa tabia za mbwa kwa ajili ya mbwa wako anayetetemeka akiona wageni, atakachokufanyisha ni cha Jones, karibu hatua kwa hatua: mgeni mbali, nyama karibu, na mbwa ndiye anayeamua lini umbali upungue.

Kwa hiyo maarifa yalikuwepo tangu 1924. Woga unajifunzwa, unaweza kurudi kwa kitu kidogo, na unaondolewa kwa umbali, chakula na subira. Ila sisi binadamu tulipenda zaidi hadithi ya wafalme.

Na gharama yake imepimwa. Mwaka 2009 Meghan Herron na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walitoa matokeo ya utafiti wa wenye mbwa 140 waliokuwa wameleta mbwa wao kwa sababu ya matatizo ya tabia. Waliulizwa wamejaribu nini nyumbani, na mbwa alijibu vipi. Kati ya waliompiga mbwa au kumpiga teke, asilimia 43 walijibiwa kwa ukali. Kumnyang'anya kitu mdomoni kwa nguvu, asilimia 39. Lile zoezi la kumpindua chali, asilimia 31. Hata kumkodolea macho tu, asilimia 30. Soma tena hizo namba ukikumbuka kwamba aliyekuwa ameinama juu ya mbwa, uso karibu na meno, ni mwenye mbwa mwenyewe aliyekwenda kutafuta amani. Chama cha madaktari wa Marekani wanaoshughulikia tabia za wanyama kilikuwa kimeshatoa tamko mwaka 2008 kikionya dhidi ya nadharia hii ya utawala.

Haya, sasa nifike kwenye mbwa walionifanya niandike makala yote haya.

Aprili 2007, polisi wa jimbo la Virginia walipekua nyumba moja yenye eneo kubwa katika wilaya ya Surry. Mwenye nyumba alikuwa Michael Vick, nyota wa mpira wa Kimarekani wa timu ya Atlanta Falcons, mmoja wa wachezaji waliolipwa fedha nyingi kuliko wote. Nyuma ya nyumba palikuwa na biashara ya kupiganisha mbwa. Walikutwa mbwa zaidi ya hamsini aina ya pit bull, wengi wamefungwa minyororo mizito kwenye ekseli za magari zilizochimbiwa ardhini. Walioshindwa kupigana vizuri walikuwa wakinyongwa au kuzamishwa majini. Agosti Vick alikiri kosa, na Desemba 10, 2007 Jaji Henry Hudson akamhukumu kifungo cha miezi 23.

Hilo ndilo lililotangazwa. Mimi nataka tuwaangalie mbwa, ambao kisheria walikuwa vielelezo vya kesi. Kulikuwa na shauri lao kabisa mahakamani, jina lake ni Marekani dhidi ya takribani mbwa 53 aina ya pit bull. (Napenda hilo "takribani". Mshitakiwa hajui hata wako wangapi.) Desturi ya miaka yote ilikuwa inajulikana: kesi ikiisha, mbwa wanadungwa sindano ya kufa. Na safari hii waliopendekeza hivyo hawakuwa watu wakatili. Mkuu wa Humane Society of the United States, Wayne Pacelle, aliona hao ni miongoni mwa mbwa wakali kuliko wote nchini. PETA nao walisema vivyo hivyo. Mbwa aliyelelewa kwa ajili ya kuua, huwezi kumpeleka kwenye nyumba ya watu. Ukiifikiria haraka haraka, hoja inasimama.

Serikali ikafanya jambo ambalo halikuwa la kawaida. Ikaomba kila mbwa apimwe peke yake. Septemba 2007 timu ya wataalamu ilizunguka kwenye vituo walikokuwa wamehifadhiwa, ikawapima mbwa 49. Walitegemea majitu. Kulikuwepo na wakali, lakini hao walikuwa wachache. Wengi walilala chini kabisa, tumbo limegandamana na sakafu, hawainuki, hawatazami, kama chapati. Waliowahudumia wakaishia kuwaita hivyo hivyo, mbwa chapati. Miezi mitano ndani ya kizimba, na kabla ya hapo maisha ya mnyororo. Ukimwita mmoja jina lolote hageuki, hajawahi kuwa na jina.

Kati ya 49, mmoja aliuawa kwa sababu ya ukali uliopita kiasi. Alikuwa jike, aliyezalishwa bila kupumzishwa. Mwingine aliuawa kwa ugonjwa. Waliobaki, 47, wakapona. Mahakama ikamteua profesa wa sheria, Rebecca Huss, awe msimamizi wao na kuamua kila mmoja aende wapi. Vick akaamriwa kutoa karibu dola 928,000 kwa ajili ya matunzo yao: dola 5,000 kwa kila mbwa aliyekuwa na matumaini ya kuishi kwenye nyumba, dola 18,275 kwa kila mbwa aliyetarajiwa kuhitaji uangalizi wa muda mrefu. Taasisi nane ziliwapokea. Walio wagumu zaidi, 22, walipelekwa kwenye kituo cha Best Friends huko Kanab, Utah. Wengine, kupitia kundi la BAD RAP la Oakland, California, waliingia moja kwa moja kwenye nyumba za watu waliojitolea kuwalea.

Hapa ndipo ile mada ya mbwa mkorofi nyumbani inapopata jibu lake, maana hawa walikuwa na kila kisingizio cha kuwa wakorofi. Mambo yaliyowashinda siku za kwanza ni ya kushangaza. Ngazi. Mlango wa kioo. Televisheni. Sauti ya vyombo jikoni. Hawakuwa wamewahi kuishi ndani ya nyumba. Mbwa anayegoma kupanda ngazi anaonekana mbishi, anayekojoa ukimgusa kamba ya kutembelea anaonekana mchafu, na kwa macho ya mjomba wetu wa getini wote hao wanahitaji kuonyeshwa bosi. Waliowachukua hawakufanya hivyo. Waliwapa sehemu ndogo ya kujificha iliyo yao, ratiba isiyobadilika, chakula kwa saa ile ile, na mara nyingi mbwa mwingine mtulivu wa kuigwa. Kule Utah, Daktari Frank McMillan alisimamia mpango ambao kila mbwa aliandikiwa maendeleo yake ya kila siku: woga wake leo uko wapi, kujiamini kuko wapi, anafurahia maisha kiasi gani. Hakuna aliyeandika "utii".

Mbwa aitwaye Jonny Justice alikwenda kuishi San Francisco. Baadaye akapimwa, akafaulu, akawa mbwa wa kukaa na watoto wanaosumbuliwa na kusoma kwa sauti. Mtoto anamsomea mbwa, kwa kuwa mbwa hacheki mtu akikosea. Mwaka 2014 akachaguliwa mbwa wa mwaka na ASPCA, taasisi kongwe ya kutetea wanyama Marekani. Hector, mwenye makovu ya mapigano kifuani, naye akawa mbwa wa kutembelea wagonjwa. Kule Utah mbwa wengi walitakiwa wafaulu mtihani wa adabu na wakae miezi sita na familia kabla hawajakabidhiwa moja kwa moja. Walichukua muda, wengine miaka.

Nisikuuzie ndoto lakini. Jike mmoja, Meryl, alikuwa mkali kwa watu asiowajua, na mahakama iliamuru asitoke Kanab maisha yake yote. Lucas, aliyekuwa bingwa wa mapigano, aliwapenda watu kupita maelezo, naye vile vile akazuiwa kutoka. Wapo walioweza kukaa na mbwa wengine na wapo walioshindwa kabisa. Hakuna aliyedai kwamba kila mbwa anafaa kila nyumba, hasa nyumba yenye watoto wadogo. Kilichobadilika ni kwamba kila mmoja aliangaliwa yeye, siyo aina yake wala alikotoka.

Mabadiliko hayakuja bila damu. Februari 2009, wilaya ya Wilkes, North Carolina, mahakama iliruhusu mbwa zaidi ya mia moja waliokamatwa kwa mpiganishaji mwingine wauawe wote bila kupimwa, wakiwemo watoto waliozaliwa baada ya kukamatwa. Humane Society iliunga mkono. Kelele zikawa kubwa, na miezi miwili baadaye taasisi hiyo ikabadili msimamo wake: kuanzia hapo, kila mbwa apimwe.

Kwa wasomaji wangu wa huku nyumbani niongeze moja ambalo vitabu vya Marekani hupita haraka, kwao si tatizo kubwa. Mbwa aliyebadilika tabia ghafla, mpole kawa mkali au mkali kawa mpole wa ajabu, aende kwa daktari wa mifugo kabla ya mjadala wowote wa malezi. Kichaa cha mbwa bado kipo Tanzania na Kenya. Akikung'ata, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha nenda hospitali ukachanjwe siku hiyo hiyo. Mengine yote tutayajadili ukirudi.

Mbwa wa Vick wamezeeka na kufa mmoja mmoja, wengi vitandani kwa watu. Wa mwisho aliitwa Frodo. Alikuwa bado mdogo sana alipokamatwa mwaka 2007 na akakulia miezi yake ya kwanza kizimbani kama kielelezo. Kila mtu alijua ni mwoga, na walioishi naye walimwacha awe mwoga kwa mwendo wake. Alikufa Desemba 2021, California, akiwa na umri wa kama miaka 15, akiwa na familia yake. Mwaka uliofuata, 2022, baada ya miaka mingi ya kuomba, Mech akapata taarifa kwamba kile kitabu chake cha 1970 hakitachapwa tena.